Namba ya joto kwenye katoni isikufunge macho

Katika biashara ya vifaa vya kuhami joto, mnunuzi huuliza swali moja tu: mali hii inahimili joto kiasi gani? Muuzaji humwonyesha namba iliyochapwa kwenye katoni, bei inakubaliwa na mzigo unapakiwa. Maoni ya safu hii ni kwamba namba hiyo ni matokeo ya kipimo, na asiyekijua kipimo hajui alichonunua.

Chukua blanketi la nyuzinyuzi za seramiki, lile jeupe linalotandikwa ndani ya matanuri. Katoni inasema 1260. Mwenye tanuri la digrii 1260 anaona amepata mali yake. Hajapata. Namba hiyo hutokana na kulipasha blanketi moto kwa saa 24 na kupima limesinyaa kiasi gani, na utaratibu wa Ulaya unaruhusu blanketi lisinyae hadi asilimia 4. Kwenye ukuta wa mita 5, asilimia 4 ni sentimita 20 za mwanya, na joto halihitaji mlango mkubwa kuliko huo. Kwa kazi ya kila siku blanketi hilo linafaa kwa joto la chini ya hapo kwa digrii 100 au zaidi. (Mimi nilisoma biashara, si uhandisi, lakini hesabu hii haihitaji mhandisi.)

Kipimo kingine ni cha kuungua. Kipande kidogo, kipenyo milimita 45 na kimo milimita 50, hutiwa katika tanuri la digrii 750. Pamba ya mawe kwa kawaida hupita. Povu gumu la plastiki halipiti, kwa kuwa huwaka. Hata hivyo povu lina soko kubwa, na sababu yake ni ya kibiashara: kwa unene ule ule huzuia joto vizuri zaidi. Hupitisha joto kwa kiwango cha karibu 0.022, pamba ya mawe karibu 0.035. Ukuta unakuwa mwembamba na nafasi ya kupangisha inaongezeka.

Kwa hiyo muuza povu anayetaka soko la majengo marefu hukwepa kipimo cha kipande na kupeleka maabara ukuta mzima. Ndivyo ilivyofanya Celotex ya Uingereza mwaka 2014 kwa povu lake la RS5000. Jaribio la kwanza lilishindwa. Katika la pili ziliongezwa mbao za magnesiamu oksaidi, zisizoungua, na ukuta ukapita. Mbao hizo hazikutajwa kwa wanunuzi.

Povu hilo lilitumika katika jengo la Grenfell, London. Tarehe 14 Juni 2017 jengo liliungua, watu 72 wakafa. Kwa haki ya maneno, kilichoeneza moto zaidi ni paneli za nje za alumini zenye kiini cha plastiki, povu lilichangia. Lakini ripoti ya uchunguzi ya Septemba 2024 ilisema wazi kwamba Celotex ilikuwa na mpango wa udanganyifu wa kuwapotosha wateja na soko. Mwaka 2023 kundi la makampuni na taasisi lilikubali kuwalipa waathirika zaidi ya 900 kiasi cha pauni milioni 150 hivi.

Mwekezaji mdogo aangalie hapo. Celotex ilinunuliwa na Saint-Gobain ya Ufaransa mwaka 2012, kampuni ambayo hisa zake huuzwa Paris. Katika hesabu za mwaka, povu lilionekana kama mauzo. Mbao za maabara hazikuwa na mstari wake.

Nitaambiwa: basi tudai ripoti kamili ya kipimo. Tudai, ndiyo, lakini tusijidanganye. Mbao zile hazikuwamo hata katika ripoti. Karatasi peke yake haitoshi.

Kinachomsaidia mfanyabiashara wa kawaida ni vitu viwili vya gharama ndogo. Kwanza, mkataba useme kwa maandishi kwamba mali inayouzwa ni ile ile iliyopimwa, na ukuta uliopimwa ulikuwa na nini na nini. Muuzaji anayekataa kutia sahihi hapo amekwisha kujibu swali lako. Pili, kwa blanketi la tanuri, kata kipande cha sentimita 50, kipime kwa rula, kiache katika tanuri la mteja kwa saa 24 kwenye joto la kazi, halafu kipime tena. Kikipungua sentimita 2, umefika asilimia 4. Zuia malipo ya mwisho mpaka kipande hicho kitoke.