Pikapu ya mteja ikitetema baada ya kuinuliwa, usikimbilie kumuuzia spesa za difu

Leo naongea hasa na sisi tunaouza spea za magari kwa simu, wa Instagram na stetasi za WhatsApp, ambao mteja hatumuoni na gari yake hatuioni. Kama wewe unauza mitandio au vyombo, kaa tu, huko mbele kuna habari ya maelezo ya chini ya picha na itakugusa.

Nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi. Mteja akikwambia pikapu yake ya 4x4 imeanza kutetema mbele tangu aiinue, usimuuzie kitu siku hiyo. Muulize kwanza. Na kama chanzo ni bidhaa uliyomuuzia wewe, usimtupie fundi.

Nimelipia somo hili. Kabla ya masika mteja mmoja wa Njombe, anayebeba viazi kutoka mashambani mpaka barabara kubwa, alinunua kwangu spesa za mbele. Gari yake dabo kebini, mbele kila tairi ina springi yake. Kwenye picha nilikuwa nimeandika hivi: "Spesa 50mm, inua gari yako, bei inboksi." Alilipa, nikatuma kwa basi, akafunga. Akanirushia picha, gari imesimama kama jogoo. Nikaiweka stetasi siku hiyo hiyo.

Wiki mbili baadaye akaandika: "Kaka, ikifika sitini inaanza kunguruma na kutetema chini ya miguu. Ikivuka themanini inapungua." Nikamjibu haraka haraka, niko kwenye daladala: "Hiyo ni pembe ya shafti bosi wangu, weka spesa za kushusha difu itatulia." Sikumuuliza hata swali moja. Sh 65,000, faida yangu Sh 25,000. Fundi wake naye akachukua hela yake.

Baada ya kufunga akaandika neno moja: "Bado."

Nikamwambia avumilie, labda boliti hazijakaa. Kesho yake akaja kwenye komenti, chini ya posti ambayo watu walikuwa wanauliza bei, akaandika kwamba nimemuuzia vitu viwili na gari imekuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Waliokuwa wanauliza bei walinyamaza wote. Nilitaka kufuta ile komenti. Kidole kilikuwa juu yake kabisa. Sikuifuta kwa sababu moja tu, alikuwa anasema kweli.

Sasa tuelewane gari yenyewe inafanyaje kazi, maana wengi wetu tunauza vitu ambavyo hatujawahi kuviona vikiwa vimefungwa.

Kwenye pikapu ya aina hii, difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi. Haipandi na kushuka na tairi. Kati ya difu na tairi kuna shafti fupi kila upande, zenye viungo vya CV ndani na nje ili ziweze kujikunja. Ukiinua gari, chasisi inapanda na difu yake, tairi zinabaki chini palepale. Kwa hiyo shafti zinainama kwenda chini. Pembe ikizidi, kiungo kinahangaika, raba zake zinajikunja na kuchanika mapema, grisi inamwagika.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Spesa ya mbele inakaa juu ya shokapu, na shokapu haishiki tairi moja kwa moja. Inashika mkono wa chini katikati hivi, kati ya chasisi na tairi. Ni kama kusukuma mlango ukiushika katikati: mkono wako ukienda kidogo, ukingo wa mlango unaenda kama mara mbili. Spesa yenye unene wa milimita 25 inainua gari mbele kwa takribani milimita 50. Sasa mimi nilikuwa nimeuza yenye unene wa milimita 50! Mteja alisoma "50mm" akajua gari itapanda sentimita tano. Ikapanda karibu kumi. Kwa gari ya namna hiyo, watu wengi wanaojua hiyo kazi wanaishia kwenye sentimita tano mpaka saba na nusu, zaidi ya hapo inabidi ubadilishe na vitu vingine vingi.

Kinachotuchanganya ni kwamba nyuma, kwenye zile springi ndefu za bapa, kipande cha milimita 50 kinainua milimita 50 hizo hizo. Magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za 70, nayo spesa yake ya springi inainua sawa na unene wake. Na hizo hazina habari ya pembe ya CV tunayoiongelea hapa, zina shida zao. Kwa hiyo namba ile ile, kwenye magari mawili, ni bidhaa mbili tofauti. Na mimi nilikuwa naiandika namba peke yake kama mtu anayeuza kitambaa bila kusema ni mita au yadi.

Sasa zile spesa za kushusha difu nilizomuuzia. Siyo utapeli, zina kazi yake. Kwenye Toyota nyingi za aina hii unaziweka kwenye boliti mbili za mbele za difu, inashuka kama milimita 25 upande wa mbele, boliti ya nyuma inabaki ilivyo. Yaani difu inainamisha pua, na pembe ya shafti inapungua kidogo. Kidogo. Kama umeinua sentimita kumi haikuokoi, na kama kinachotetema siyo pembe haikusaidii kitu.

Swali lililoniokoa sikulibuni mimi, mteja alilijibu mwenyewe kwa hasira. Alinitumia sauti ndefu analalamika, katikati akasema: "Tena kwenye tope nikiweka 4H inatulia kabisa, nikitoa inarudi." Nilisikiliza mara tatu. Nikampigia fundi mmoja mtu mzima wa Gerezani ninayemheshimu, nikamchezea ile sauti. Akacheka. Akasema, "Hiyo siyo pembe peke yake mdogo wangu, hiyo ni beringi ya ndani ya difu."

Alinieleza hivi. Kwenye hizi gari, zile zisizo na habu za kufunga kwa mkono, shafti za mbele zinazunguka muda wote hata ukiwa kwenye 2WD, kwa sababu zinakokotwa na tairi. Kinachokatwa ni upande mmoja ndani ya difu, Toyota wanauita mfumo huo ADD. Sasa kwenye 2WD shafti inazunguka bure, haina mzigo. Pale inapoingia kwenye difu imeshikwa na beringi ya vijiti vyembamba kama sindano. Ikichoka inaacha nafasi, na shafti iliyoinama inaanza kucheza humo ndani. Ukiweka 4H injini inaipa mzigo, shafti inajikaza katikati, mtetemo unapotea. Marekani wenye Tacoma na 4Runner zilizoinuliwa wanaujua sana ugonjwa huu, na wengi wanaondoa ile beringi kwenye upande wa kushoto na kupigilia bushi nzima isiyo na vijiti.

Pembe ya shafti au kiungo cha ndani kilichochoka huwa kinafanya kinyume: mtetemo unaongezeka ukiwa kwenye 4WD na unakanyaga mafuta, maana hapo ndipo kiungo kinabeba mzigo.

Kwa hiyo sasa hivi mteja akiniandikia "inavaibreti", ninamuuliza: inatetema kwenye spidi gani, na inatetemea wapi? Kama ni usukani unatikisika kwenye themanini mpaka mia, ninamwambia aende kwanza kwenye balansi ya tairi, akaangalie na rimu kama imepinda. Hiyo siyo difu, na ni hela ndogo. Kama inagonga tak-tak-tak akikata kona, hicho ni kiungo cha nje cha CV. Halafu ninamuuliza kama gari ina habu za kufunga kwa mkono. Kama zinazo na zimefunguliwa, shafti hazizunguki na tairi, hivyo mtetemo wa kwenye 2WD haujatoka kwenye difu ya mbele wala shafti zake, utafutwe kwingine. Swali hili peke yake limeniepusha kuuza vitu vya bure mara kadhaa.

Mwisho ninamwomba ajaribu 4H. Sikiliza hapa vizuri, maana unaweza kumharibia mtu gari kwa meseji: ajaribu kwenye barabara ya vumbi, iliyonyooka, aingize kama kitabu cha gari yake kinavyosema. Siyo kwenye lami kavu na kona. 4WD ya kawaida ya pikapu haina nafasi ya tairi za mbele na nyuma kutofautiana mwendo, inajikaza yenyewe.

Ukija mtetemo unaopotea kwenye 4H, fundi ainue gari, ashike shafti ya kushoto pale inapoingia kwenye difu aitikise juu chini. Kucheza kidogo sana ni kawaida. Ikicheza sana, umeshapata. Habari njema ni kwamba difu haifunguliwi yote. Shafti inachomolewa, beringi inavutwa kwa pula, mpya au bushi inapigiliwa ikiwa imenyooka, sili ya mafuta inabadilishwa (usimwache mteja arudishie sili ya zamani, itavuja), oili inajazwa mpaka kwenye kipimo. Aangalie na uso wa shafti pale beringi inapokaa, kama umechimbika beringi mpya haitadumu.

Yule wa Njombe beringi yake ilikutwa imechoka. Haikufa kwa sababu ya spesa zangu peke yake, gari ilikuwa na kilomita zake. Ila kabla ya kuinua ilikuwa haisikiki, na fundi wa alaimenti alikuwa ameshamwambia kemba haiji kwenye kipimo, gari ipo juu mno. Mimi hayo sikuwa nimeyauliza. Nilimtumia spesa zenye unene wa milimita 25 bila malipo, nikarudisha hela ya zile za difu, nauli ya basi nikalipa mimi. Beringi na sili alinunua yeye. Hesabu yangu kwa mteja yule iliishia kwenye hasara.

Kuna wenzangu nimewaambia haya wakanicheka. Wanasema mteja wa mtandaoni hataki maswali, anataka bei, ukimuuliza sana anahamia duka la jirani. Ni kweli wengine wanahama. Nimepoteza wanne hivi mwezi uliopita, nawahesabu. Wanasema pia kujua ugonjwa ni kazi ya fundi. Sawa, lakini fundi wa kijijini anafunga kilichofika kwenye basi. Hakuchagua yeye, tumechagua sisi tukiwa tumelala kitandani na simu. Kama hujui, mwambie mteja hujui na mpe namba ya fundi anayejua. Mimi ninayo ya yule mzee wa Gerezani, na anapata wateja kupitia kwangu mpaka amenizoea, siku hizi ananiita msaidizi wake.

Maelezo ya chini ya picha nimeyabadilisha yote. Sasa yanasema: "Unene mm 25, inainua mbele takribani mm 50, kwa pikapu yenye springi huru mbele. Fanya alaimenti baada ya kufunga." Ni marefu, hayavutii, na watu bado wanaandika "bei?" chini yake kama vile hayapo. Ila malalamiko ya "umeniuzia saizi siyo" yamepungua.

Ile komenti ya Njombe bado ipo. Chini yake mwenye gari aliongeza mwenyewe baada ya mwezi, na picha ya magunia ya viazi nyuma: "Haitetemi tena. Ila imeshuka, vijana wa kijiweni wananicheka." Zile spesa nene bado ninazo seti tatu stoo. Nimeziandikia ukweli wake wote, na mpaka leo hakuna aliyezichukua.