DOA LISILOFIFIA: TUSINGOJE ASUBUHI



Mtoto akipata homa, wengi wetu husema: «Ni malaria tu, tungoje asubuhi.» Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini iko homa isiyongoja asubuhi, na alama yake huonekana kwenye ngozi.

Ni madoa mekundu au ya zambarau, kama damu iliyovilia. Waganga huyaita pupura fulminansi. Ni nadra, nayo huwapata watoto zaidi. Damu huganda ovyo katika mishipa midogo. Ngozi hukosa damu, huwa nyeusi, hufa. Nguvu ya kugandisha damu ikiisha, mtoto huvuja damu mahali pengine. Aweza kufa kwa saa chache, au kupona bila vidole au mguu.

Mara nyingi chanzo ni kijidudu cha meningokoki, kinacholeta pia homa ya uti wa mgongo. Hapa Tshopo tunakijua. Mwaka 2021 kilizuka Banalia, kaskazini mwa Kisangani. Wa kwanza kuugua walikuwa wachimbaji wa dhahabu upande wa Panga. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kijidudu hupita kwa mate na kikohozi, basi sisi watu wa machimbo tusiseme ni habari ya mbali.

Mvueni nguo mtoto mwenye homa, mtazame mwili mzima. Kwenye ngozi nyeusi tazameni viganja, nyayo, kinywa na ndani ya kope. Kandamizeni doa kwa gilasi safi. Lisipofifia, kimbieni hospitali, hata saa nane ya usiku. Shingo ikikakamaa au mtoto akilegea, nendeni hata bila madoa. Msimchanje chale, atavuja damu. Sindano ya antibiotiki ikiwahi huokoa.

Mtoto mchanga mwenye madoa hayo huenda amezaliwa na upungufu wa proteini C, inayozuia damu isigande ovyo. Naye apelekwe upesi.

Kutoka Bangboka hadi katikati ya Kisangani ni zaidi ya kilomita 10. Patana leo na jirani mwenye pikipiki, usingoje usiku wa shida.

Na ninyi wakuu wa zamu: mzazi anayeacha kazi kwa sababu hii asihesabiwe mtoro. Siku moja ya kazi hulipwa kesho, mtoto halipwi.