Kiwanda Kikijitoa Mashindanoni

Desemba 2008 kampuni ya Subaru ya Japani ilijitoa katika mbio za magari za ubingwa wa dunia, ikitaja msukosuko wa uchumi. Magari yake yalikuwa yameshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na 2000. Wengi walisikitikia vikombe. Mimi nasikitikia maabara, kwani vumbi na mashimo yetu ndiyo yaliyowapimia wahandisi wao springi na machujio ya hewa.

Hata hivyo, mbio zile hazikupima kitusumbuacho sisi wa Unguja: chumvi ya upepo wa bahari, ilayo bodi za magari. Wanafunzi na watundike misumari ya chuma iliyokwisha kupimwa uzito, mingine Forodhani, mingine Dunga, waipime tena baada ya miezi mitatu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Mizani ya maabara ya shule yatosha kuonyesha nyongeza hiyo.