INJINI MBILI AU MOJA?



Wenzetu wa vyombo vya Lamu wametuletea shauri, na shauri lenyewe si la watu wa Lamu peke yao. Litawafikia mabaharia wa Mombasa, Kilifi na Shimoni vile vile. Tajiri mmoja ana mashua ya mbao ya futi 40, yenye injini mbili za dizeli ndani, nayo huchukua abiria na mizigo kati ya Mokowe, Lamu, Faza na Kizingitini. Injini moja imechoka. Badala ya kuitengeneza, tajiri ataka kuzing'oa zote mbili na kutia moja mpya katikati. Amewauliza mabaharia wake waonaje, na kwa hilo twamshukuru, maana wako matajiri wasiouliza kitu. Mabaharia nao wametuuliza sisi.

Tajiri asema injini moja itakula nusu ya mafuta. Sivyo hata kidogo. Mafuta huliwa na nguvu inayokisukuma chombo, hayaliwi na hesabu ya injini. Injini ya dizeli hula kiasi cha robo ya lita kwa kila kilowati kwa saa, iwe kubwa au ndogo. Mashua yenye urefu wa futi 36 pale inapogusa maji haiendi vizuri zaidi ya maili 8 za baharini kwa saa, hata ukiifunga injini tatu. Ikifika hapo hulalia shetri, ikawa inapanda wimbi la kwake yenyewe, na mafuta yanateketea bure. Kuiendesha kwa maili 7 kwataka nguvu ile ile karibu, itoke kwa injini mbili au kwa moja.

Faida ipo, lakini si hiyo. Rafadha moja kubwa inayozunguka polepole hushika maji vizuri kuliko mbili ndogo za mbio, na shafti moja huburuta maji kidogo kuliko mbili. Hapo tajiri ataokoa mafuta kiasi. Fedha ya kweli iko kwenye matengenezo: oili ya injini moja, machujio ya injini moja, pampu moja, giaboksi moja. Haya hatuyakani. Lakini akipiga hesabu zake juu ya nusu ya mafuta, na nusu hiyo isionekane, miezi sita baadaye mabaharia wataambiwa wanaiba dizeli. Tumekwisha kuyaona mambo ya namna hii. Kwa hivyo twataka hesabu iwekwe sawa tangu sasa, mbele ya nahodha na fundi, kabla ya mtu kushika spana.

Na kama shida ni mafuta tu, apunguze mwendo. Kutoka maili 8 kushuka hadi 7, nguvu inayotakiwa hupungua kwa theluthi moja au zaidi, na safari ya saa mbili huongezeka dakika 17. Jambo hili halina gharama ya fundi wala ya mbao. Wako manahodha wanaozima injini moja na kwenda na ya pili. Hiyo nayo ni akiba ya mashaka: rafadha iliyolala huvuta maji, chombo hukaza kwenda upande mmoja na usukani hushikwa umepinda njia nzima. Tena ziko giaboksi zisizopata mafuta ya kulainisha shafti inapozungushwa na maji huku injini imezimwa.

Sasa upande wa usalama. Wanachama wengi wamesema kwamba injini mbili ni roho mbili. Twasema, ni kweli zikiwa mbili kweli. Katika mashua hii zote mbili zanyonya kutoka tenki moja, kwa chujio moja, na zawashwa na betri moja. Maji yakiingia katika dizeli, na dizeli ya mapipa mara nyingi ina maji, zitazimika zote mbili kwa dakika zile zile. Kila injini ikipewa tenki lake, chujio lake, betri yake na tundu lake la maji ya kupozea, hapo ndipo baharia anaweza kusema ana ya akiba. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kuzing'oa.

Tena zipo mahali ambapo injini moja ni bora. Rafadha mbili zakaa wazi huku na huku, na mwamba ukiguswa ndizo za kwanza kuumia. Rafadha moja hukaa nyuma ya mkuku, nao mkuku huikinga. Anayepita Mkanda maji yanapoanza kupwa ajua maana yake. Lakini kamba ya jarife ikiizonga hiyo moja, safari imekwisha. Na kwenye gati, nahodha aliyezoea kuipeleka injini moja mbele na nyingine nyuma, chombo kikageuka papo hapo, atakosa mkono huo. Rafadha moja ikirudishwa nyuma huvuta shetri upande mmoja. Inayozunguka kulia ikienda mbele hupeleka shetri kushoto ikirudi. Atahitaji siku za kujifunza, bila abiria ndani.

Kuhusu mwili wa chombo tutasema machache, maana mafundi wa Lamu hawafundishwi na sisi. Fashini ya mashua iliyojengwa kwa injini mbili huenda haikuwekwa nene ya kutobolewa kupitisha shafti. Matundu ya zamani lazima yazibwe kwa mbao na kalafati ya haki, si kwa bati na lami. Uzito unaotolewa chini ya chombo hubadili mizani yake, basi kipimwe upya kwa mifuko ya mchanga, kwanza ndani, kisha nje ya mwamba. Na mkaguzi wa vyombo aitwe kabla ya kazi kuanza na baada ya kwisha. Wala mtu asidhani kwamba injini, moja au kumi, huokoa chombo kilichozidishwa watu. Feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272, na sababu iliyotajwa ni kuzidisha abiria.

Sasa tumefika penye wanachama wenyewe. Mashua hii ina nahodha, fundi wa mashini na mabaharia wawili. Fununu zasema kwamba injini ikiwa moja, fundi hana kazi tena, nahodha atatazama mashini mwenyewe. Jambo hili twalikataa. Injini ikiwa moja, ndiyo yataka mtu wa kuisikiliza kuliko zilipokuwa mbili, kwa sababu haina mwenzake. Nahodha anayeingia ndani kutazama mkanda wa pampu, nani ameshika usukani? Kama tajiri ashikilia kumpunguza, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka atoe arifa kwa Chama na kwa ofisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia kazini. Asije akamwambia Ijumaa kwamba Jumatatu asirudi.

Liko na hili la siku za pwani. Chombo kitapandishwa juu kwa majuma kadhaa. Mabaharia hawa hulipwa kwa safari, na mashua iliyolala mchangani haina safari. Wao ndio watakaoikwangua, kuiinua na kuilinda usiku. Kazi hiyo ilipwe kwa siku, na kiasi kiandikwe kabla mashua haijavutwa.

Basi uamuzi wetu ni huu. Kwa njia za ndani, kati ya Mokowe na Lamu na kupitia Mkanda, hatukatai injini moja, mradi chombo kiwe na mashini ndogo ya nje yenye mafuta yake mbali, ya kutosha kukishikilia omo kwenye wimbi, na nanga yenye mnyororo na kamba ndefu, na redio inayosikia chaneli ya 16, na jaketi kwa kila mtu. Kwa njia ya nje, kutoka mlango wa Shela kuzunguka Manda wakati wa kusi, hatukubali. Huko twataka injini mbili, kila moja na tenki lake, au chombo kingojee maji yajae kipite Mkanda.

Wawakilishi wa tawi wataonana na tajiri juu ya haya. Wanachama wa mashua hiyo walete daftari za mafuta za miezi mitatu iliyopita, na kila aliyefanya kazi ya pwani mwaka huu bila malipo alete hesabu ya siku zake kwa karani.