Mnunuzi Anapotaka Mrekebishe Nyumba

Wapendwa akina mama, mwezi huu katika ukurasa wetu wa nyumba na familia tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulipata mara moja tu maishani, au tusilipate kabisa. Nalo ni kuuza nyumba tuliyoishi, na hasa ile siku mnunuzi anaporudi na kusema, "Nyumba nimeipenda, lakini kwanza rekebisheni hiki na hiki."

Miji yetu ya ukanda wa dhahabu ina watu wengi wanaokuja na kuondoka. Ushirombo, ambayo zamani ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga na tangu mwaka 2012 iko mkoa wa Geita, ipo kando ya barabara kuu itokayo Isaka kuelekea Lusahunga na mipaka ya Rwanda na Burundi. Mtumishi anahamishwa, mfanyabiashara anahamia Kahama, familia nyingine inahitaji ada ya shule au fedha za matibabu. Nyumba inauzwa. Na mara nyingi fedha hiyo ndiyo akiba yote ya familia, kwa hiyo kila shilingi inayokatwa kwa ajili ya matengenezo inauma.

Basi mnunuzi amekuja na fundi wake. Fundi amegonga kuta, amepanda darini, amefungua mlango wa choo, kisha ametoa orodha ndefu. Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Baba mmoja hukasirika, huona nyumba yake imetukanwa, na biashara inakufa palepale. Mwingine, kwa kuona haya au kwa kuogopa kumpoteza mnunuzi, hukubali kila kitu mbele ya mgeni. Wiki mbili baadaye malipo ya awali yamekwisha kwa mafundi, na mnunuzi bado anaongeza mengine.

Njia iliyo bora ni kutokujibu siku hiyo. Mpokeeni mgeni vizuri, mkaribisheni maji au chai, mchukue orodha yake kwa maandishi, kisha mseme kwa upole: "Ndugu yetu, tumekusikia. Tupe siku chache tuzungumze nyumbani, nasi tutamleta fundi wetu aangalie." Mnunuzi wa kweli hatakimbia kwa sababu hiyo.

MAMA NDIYE AIJUAYE NYUMBA

Katika mazungumzo hayo ya nyumbani mama asikae kando kana kwamba ni mambo ya wanaume tu. Ni nani ajuaye mahali pa kuweka beseni mvua inaponyesha usiku? Ni nani afagiaye vumbi la mchwa chini ya fremu ya mlango kila asubuhi? Tena nyumba nyingi huuzwa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Mwezi wa Julai bati lililotoboka halionekani. Mvua zikianza mwezi wa Oktoba au Novemba, mnunuzi atayaona yote, na kama mlijua mkanyamaza, atarudi mlangoni kwenu akiwa na hasira.

Sheria nayo inampa mama nafasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yasema kwamba maadamu ndoa ipo, mume au mke haruhusiwi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama nyumba ni mali ya mmoja wao. Kwa hiyo usiweke sahihi kwa kuwa tu umeambiwa uweke. Soma, uliza, elewa ni matengenezo gani mnayoahidi na kwa fedha ipi.

SEMENI MNALOLIJUA

Someni Mambo ya Walawi sura ya 14. Humo mna maagizo juu ya nyumba iliyoingiwa na pigo kwenye kuta zake. Mwenye nyumba ndiye aliyetakiwa kwenda mwenyewe kwa kuhani na kumwarifu. Nyumba ilifungwa siku saba, kisha ikakaguliwa upya. Mawe yenye kasoro yalitolewa na kutupwa nje ya mji, kuta zikakwanguliwa, mengine yakawekwa na kupigwa lipu mpya. Ni pale tu pigo liliporudi ndipo nyumba ilipobomolewa. Tunaona kwamba kasoro ya nyumba haikuwa aibu ya kufichwa. Ilisemwa, ikapimwa, ikatengenezwa.

Sheria ya Mikataba ya nchi yetu inakwenda njia hiyohiyo. Kuficha kwa makusudi jambo unalolijua, mathalani kupaka rangi juu ya ufa ili usionekane, huhesabiwa kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuutangua mkataba. Kinyume chake, kasoro iliyosemwa mapema hupunguza maneno baadaye. Mnunuzi aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba choo kinakaribia kujaa, akapunguziwa bei kwa sababu hiyo, hana haki ya kudai tena achimbiwe kipya.

GAWENI ORODHA MARA TATU

Mkiwa wawili, chukueni orodha ya mnunuzi mwigawe hivi.

Kwanza, mambo ya usalama na uimara: papi zilizoliwa na mchwa, bati linalovuja, ufa unaoshuka hadi kwenye msingi, nyaya za umeme zilizo wazi. Penye udongo mweusi wa mbuga nyufa hutokea sana, kwa sababu udongo huo huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Mwacheni fundi aseme kama ni ufa wa lipu tu au ni wa msingi. Mambo ya fungu hili yasikilizeni.

Pili, uchakavu wa kawaida ulioonekana tangu siku ya kwanza: sakafu iliyochubuka, kitasa kilicholegea, rangi iliyopauka. Hayo bei imekwisha kuyahesabu. Mnaweza kufunga kitasa kimoja kwa moyo mwema, lakini si deni.

Tatu, matakwa ya mnunuzi: geti la chuma, vigae, rangi anayoipenda. Hayo atayafanya mwenyewe atakapohamia. Kataeni kwa adabu.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Nyumba imekubaliwa kwa shilingi 20,000,000. Mnunuzi anadai matengenezo ya shilingi 3,500,000: bati na papi 800,000, ufa 300,000, choo 600,000, geti na vigae 1,800,000. Bati na ufa ni vya fungu la kwanza. Choo kilisemwa tangu mwanzo na bei ikapunguzwa. Geti na vigae ni matakwa yake. Basi jibu la haki ni shilingi 1,100,000, wala si 3,500,000.

KUTENGENEZA AU KUPUNGUZA BEI?

Mara nyingi ni afadhali kupunguza bei kuliko kutengeneza. Mkitengeneza, mnatoa fedha ambayo pengine hamjalipwa, na mnunuzi anaweza kusema kazi ni mbovu, misumari ni michache, bati ni jembamba. Mkipunguza bei, yeye atachagua fundi na vifaa vyake, na ninyi mtajua mnabaki na kiasi gani. Katika mfano wetu nyumba itauzwa kwa shilingi 18,900,000, na maneno yameisha.

Tengenezeni wenyewe pale tu ambapo kuchelewa kutaharibu zaidi, kama vile paa linalovuja mvua zikikaribia, au jambo linalohatarisha watoto mnaoishi nao humo bado. Na kabla ya kumjibu mnunuzi, kubalianeni ninyi wawili kiwango ambacho hamtakivuka. Mama amwambie mwenzake mapema, faraghani: "Baba watoto, tukishuka chini ya hapa, ada ya mtoto haitatosha." Kusemezana hivyo nyumbani kutawazuia kupingana mbele ya mgeni na dalali. Mkumbuke pia kwamba dalali hupata chake biashara ikimalizika, kwa hiyo haraka yake isiwe haraka yenu.

WEKENI KWA MAANDISHI

Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mkataba wa kuuza ardhi na nyumba sharti uwe wa maandishi. Basi na matengenezo yaandikwe humo humo: nini kitatengenezwa, na nani, kwa fedha ya nani, hadi tarehe ipi, na kwamba mengine yote mnunuzi ameyaona na ameyapokea yalivyo. Andikeni kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Kama ardhi ni ya kijiji, idhini ya halmashauri ya kijiji inahitajika. Mwanasheria akipatikana, mwombeni ausome mkataba kabla ya sahihi. Na malipo ya awali msiyaguse kwa kununua kiwanja kingine mpaka mashauri ya matengenezo yamekwisha, maana biashara ikivunjika mtadaiwa kuyarudisha.

Baba yetu Ibrahimu, alipotaka mahali pa kumzika Sara, hakuridhika na maneno mazuri ya Efroni aliyesema kwamba anampa shamba bure. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu waliokuwa langoni pa mji, na shamba, pango na miti yake vikatajwa kimoja kimoja. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, kinasimulia habari hiyo. Mkiwa mnajiandaa kuuza, isomeni pamoja jioni moja, kisha mzunguke nyumba yenu chumba kwa chumba mkiwa na kalamu, na mama atangulie.

Mungu azibariki nyumba zenu, hizi mnazoziacha na hizo mnazoziendea. Tuonane mwezi ujao.