Treni ya jijini: Abiria bado ni mgeni katika reli ya mizigo

MKAZI wa Wazo, wilayani Kinondoni, anaishi takriban kilomita 25 kaskazini mwa katikati ya Jiji la Dar es Salaam, lakini hana treni ya abiria inayomfikisha kazini. Akiitaka, sharti kwanza apande bodaboda hadi Tegeta Kibaoni, kisha daladala ya Barabara ya Bagamoyo hadi Mwenge, ageukie Barabara ya Sam Nujoma hadi Ubungo, na huko ndiko atakakokutana na treni ya abiria. Kufikia hapo asubuhi yake imekwisha kuliwa na foleni.

Hiyo ni kero isiyozungumzwa sana kila mjadala wa treni za jijini unapoibuka. Malalamiko yanayosikika zaidi ni msongamano ndani ya mabehewa, ucheleweshaji, kuharibika kwa vichwa vya treni na kukosekana kwa huduma nyakati za mchana. Yote hayo yana msingi. Hata hivyo, yote yana mzizi mmoja: treni ya abiria wa mjini iliwekwa juu ya reli zilizochorwa kwa ajili ya bandari, ikapewa nafasi inayobaki baada ya kazi nyingine.

Dawa ya dharura

Huduma hiyo ilianza Oktoba 29, 2012, Dk Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, na wananchi hawakukawia kuibatiza jina la "treni ya Mwakyembe". Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, iliyoendeshwa na Kampuni ya Reli Tanzania (TRL), ilitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa kupitia Kamata, Buguruni, Tabata na Mabibo. Ya pili iliendeshwa na Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA), kutoka kituo chake kikuu kilichopo Barabara ya Nyerere hadi Mwakanga, ikihudumia vitongoji vya Temeke na Ilala. Mwaka 2016 TRL iliongeza safari za Pugu kupitia Gongo la Mboto.

Wakati huo TRL yenyewe ilikuwa ikijikongoja. Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India. Ubia huo ulivunjika na kufikia mwaka 2011 serikali ilikuwa imelirejesha shirika mikononi mwake. Mwaka mmoja baadaye, chombo kilichokuwa na uhaba wa vichwa vya treni kwa safari za Tabora, Kigoma na Mwanza kikatakiwa pia kubeba wafanyakazi wa jiji asubuhi na jioni.

Mahitaji hayakuwa na mashaka. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu 4,364,541. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikwenda pembezoni, ambako viwanja vilipatikana kwa bei nafuu: Chanika, Mbagala, Kivule, Mbezi, Madale, Wazo na Bunju. Kwa hiyo treni ilipofika ilijaa tangu siku za mwanzo. Abiria walipata njia ya kuiepuka foleni, nao hawakuiacha licha ya usumbufu wake.

Chanzo cha kuchelewa

Abiria anayesimama kituoni bila kujua treni itafika saa ngapi huona uzembe. Huenda wakati mwingine uzembe upo, lakini hata watumishi wakiwajibika kikamilifu, mfumo wenyewe unabana.

Reli ya kati na ile ya TAZARA zinapopita jijini ni za njia moja. Treni mbili zinazokwenda pande tofauti hupishana tu pale penye njia ya pembeni, na moja ikichelewa huichelewesha nyingine. Aidha, treni inayovutwa na kichwa kimoja ikifika mwisho wa safari, kichwa hicho hulazimika kufunguliwa, kuzungushwa na kuunganishwa upande wa pili kabla ya kurudi. Chukulia kwamba mzunguko mzima wa kwenda na kurudi unachukua saa moja na nusu na treni ni moja. Abiria aliyeikosa kwa dakika mbili atasubiri saa moja na nusu, ama atakwenda kugombea daladala. Wengi huchagua daladala.

Mabehewa nayo yana kasoro yake. Behewa la safari za bara hutengenezwa kwa ajili ya abiria anayepanda mara moja na kukaa siku nzima. Milango yake iko miishoni, ni myembamba, na ngazi zake ni za juu. Mamia ya watu wanapotaka kushuka Buguruni huku mamia wengine wakitaka kupanda, kituo cha dakika moja hugeuka kuwa cha dakika tano. Vituo vikiwa sita au saba, ratiba imekwisha kuvurugika kabla kichwa cha treni hakijapata hitilafu yoyote.

Kuna pia suala la nafasi ya reli yenyewe. Katika maeneo ya Buguruni na Tabata, nyumba, magenge na vivuko visivyo rasmi vimeisogelea reli kiasi kwamba dereva hulazimika kwenda taratibu huku akipiga honi. Mtu anayevuka na ndoo ya samaki na abiria anayekimbilia ofisini wote wanadai haki ya njia ileile.

Muda wa huduma ulipangwa kwa kumlenga mfanyakazi wa ofisi: asubuhi kwenda, jioni kurudi. Muuguzi anayetoka zamu usiku, mama lishe anayekwenda sokoni alfajiri na mwanafunzi anayetoka shule saa nane mchana hawakuingia vizuri katika hesabu hiyo.

Reli zilizofuata bandari

Kwa nini kaskazini mwa jiji hakuna reli ya abiria? Jibu lipo katika historia. Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati kutoka bandarini kuelekea magharibi. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Lengo lilikuwa kuleta mazao ya bara melini. Pwani ya kaskazini haikuwa na sababu ya kupewa reli katika hesabu hiyo.

TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikuja na lengo jingine la heshima: kuipatia Zambia njia ya kusafirisha shaba bila kupitia tawala za kibaguzi za kusini mwa Afrika. Nayo iliondoka bandarini kuelekea kusini magharibi. Hata treni ya Tanga, Moshi na Arusha huanza kwa kwenda magharibi hadi Ruvu, kisha hupanda kaskazini kwa njia ya Ruvu hadi Mruazi iliyofunguliwa mwaka 1963. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, mji ukaota kukizunguka, lakini wakazi wake wakaachiwa barabara.

Ugumu mwingine ni kwamba reli hizo mbili hazioani. Reli ya zamani ya kati ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini inatosha kuzuia behewa la upande mmoja lisipite upande wa pili. Ndiyo maana abiria wa Mwakanga hushushwa Barabara ya Nyerere, mbali na Kariakoo na Posta, na kuanza kutafuta daladala upya.

Hesabu ya mfukoni

Hapo ndipo kero ya muda inapogeuka kuwa ya fedha. Desemba 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka Sh500 hadi Sh600. Kwa nauli hiyo, mtu anayelazimika kupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi alihitaji angalau Sh2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh62,400, bila kuhesabu bodaboda ya kumtoa nyumbani hadi barabarani. Treni ya bei nafuu inayomwacha nusu ya safari humwongezea nauli badala ya kumpunguzia.

Ni kweli kwamba mambo mapya yamejengwa. Treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ilianza safari za Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huo. LATRA ilipotangaza viwango vya nauli, kipande cha kilomita 19 kati ya Dar es Salaam na Pugu kiliwekewa Sh1,000. Lakini treni hiyo ilijengwa kwa safari za mikoani. Kituo cha Pugu ni mlango wa kutokea jijini zaidi kuliko kituo cha mfanyakazi wa kila siku.

Mabasi yaendayo haraka, maarufu mwendokasi, nayo yametoa funzo lake. Awamu ya kwanza ilianza Mei 2016 kwa mabasi 140 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco. Abiria wakaongezeka, mabasi yakachakaa, na foleni zikahama kutoka barabarani kwenda vituoni. Katika awamu ya pili, barabara za Mbagala zilikaa zikisubiri mabasi hadi mwaka 2025. Reli na mwendokasi vina ugonjwa mmoja: nchi huona fahari kuzindua zege na chuma, kisha hukosa subira ya kununua vyombo vya kutosha, vipuri na kulipa mafundi.

Awamu ya nne ya mwendokasi inafuata Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, na mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa mwaka 2023. Ni nafuu kwa upande wa kaskazini, lakini nayo inaishia chini ya kilima. Anayeishi ndani ya Wazo au Madale bado atahitaji chombo kingine cha kumfikisha kwenye kituo.

Majirani wa Nairobi wanafahamu hali hii. Novemba 2012, wiki chache baada ya treni ya Mwakyembe kuanza, Kenya ilifungua kituo cha Syokimau. Nao walitumia reli ya zamani ya mizigo. Walichofanya tofauti ni kujenga kituo kipya chenye maegesho na, mwaka 2020, kuanza kutumia treni zinazojiendesha pande zote mbili bila kuzungushiwa kichwa. Safari zao hazikuacha kuwa na malalamiko, lakini treni ya mjini ilipata vyombo vyake yenyewe.

Uamuzi unaohitajika

Mwaka 2025 TAZARA iliingia makubaliano ya miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC kwa uwekezaji wa takriban dola za Marekani bilioni 1.4. Shaba itaanza kupita kwa wingi zaidi. Kila treni ya mizigo inayoongezwa katika njia moja huchukua nafasi ambayo treni ya abiria wa jijini ingeitumia, isipokuwa kama kuna anayeilinda nafasi hiyo kwa maandishi.

Kwa hiyo swali la msingi kwa wizara, Shirika la Reli Tanzania (TRC) na TAZARA ni hili: kati ya saa 12 na saa tatu asubuhi, nani ana haki ya kwanza ya reli ndani ya jiji? Jibu likiwa ni abiria, mengine yanawezekana bila kusubiri mabilioni. Ratiba ibandikwe kila kituo na ifuatwe. Vichwa na mabehewa ya mjini vitengwe, visichukuliwe kila safari ya bara inapopungukiwa. Tiketi moja imtoe abiria kwenye daladala, mwendokasi na treni, na daladala zipangiwe kukomea kwenye vituo vya reli.

Jambo la mwisho haliwezi kuahirishwa. Upande wa kaskazini bado una mapengo kati ya nyumba, ingawa yanazibwa kila mwezi. Ardhi ya njia ya usafiri wa umma kutoka Tegeta kuelekea Wazo, Madale na Bunju ikitengwa leo, gharama yake ni ramani na mawe ya mipaka. Ikisubiriwa hadi vilima vijae, itakuwa ni fidia, mabomoa na kesi mahakamani, na mtoto anayezaliwa Wazo sasa atafikia umri wa kufanya kazi akiwa bado amening'inia mlangoni mwa daladala.