Ukijenga ua wa mabati, usiung'oe wa miti

Hapa Roret mabati yameshuka kutoka paani na kusimama ardhini. Nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na kaiyaba na miiba yake, leo utakuta ukuta wa bati unaong'aa. Sababu ni nzuri. Mama wa nyumba anataka mahali pa kuanika nguo na kuwaogesha watoto bila kutazamwa na kila apitaye na kikapu cha majani chai. Isitoshe, kaiyaba huchukua miaka kufungana, ilhali fundi na msaidizi wake husimamisha bati kwa siku chache tu.

Lakini kabla hujamwita fundi, keti nami kidogo. Fundi akifika, aghalabu neno lake la kwanza ni: "Mama, tung'oe hii miti kwanza." Hapo ndipo penye hatari, nayo haihusu misumari.

Wengi wetu huamini kwamba ramani iliyo katika ofisi ya ardhi inaonyesha mpaka wa shamba hatua kwa hatua. La hasha! Kwa mashamba mengi ya vijijini, ramani huonyesha mpaka kwa makadirio tu. Wakipsigis walianza kuzungushia mashamba yao miti kabla ya uhuru wa 1963, na mahali pengi ua ule wa babu ndio ushahidi wa mpaka hadi leo. Ukiung'oa, umefuta maandishi. Babu akishafariki, na jirani naye akiwaachia wanawe shamba, nani atasimama aseme mpaka ulipita wapi?

Tena Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema kwamba kuharibu au kuondoa alama ya mpaka bila idhini ya msajili ni kosa, na mtu anaweza kufungwa. Mkigombana, hata mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka kabla msajili hajauamua. Huko ni safari za ofisini, ada, na majirani wasiosalimiana hata kwenye matanga.

Kwa hivyo, waache miti yako mahali ilipo, na ujenge mabati hatua moja ndani ya shamba lako. Nafasi hiyo itakufaa pia unapopogoa. Siku ya kuchimba mashimo, mwite jirani aje aone, hata kama ni mtu wa maneno mengi. Akiwapo na mzee mmoja wa kokwet, ni bora zaidi.

Miti hiyo ina kazi nyingine. Ua wa matawi huchuja upepo, lakini bati huupokea wote kama tanga la jahazi. Nimeona nyua zilizolala kifudifudi baada ya dhoruba moja tu, nguzo zikiwa zimeng'oka na udongo wake. Kwa ua wa futi sita, shimo lisipungue futi mbili, na nguzo zisiachane zaidi ya futi saba. Mikaratusi haikosekani katika nchi hii ya chai, kwa kuwa viwanda huhitaji kuni za kukaushia majani. Lakini mkaratusi mbichi ni chakula cha mchwa. Tafuta nguzo zilizotiwa dawa. Kisha pitisha mbao tatu za kulala, ya chini, ya kati na ya juu. Mafundi wengi huiruka ile ya kati ili kupunguza gharama, na hapo ndipo bati huanza kupiga kelele usiku.

Dukani, usidanganyike na namba. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30. Namba ikipanda, bati hupungua unene. Kwa ua, ambao watoto wataupiga mpira na ng'ombe ataukwaruza kwa pembe, ningenunua geji 30 au 28, hata kama ni kumaliza nusu ya ua mwaka huu na nusu baada ya bonasi. Mabati ya zamani yaliyotolewa paani nayo yanafaa, mradi kutu haijayatoboa.

Sasa udongo. Chai hupenda udongo wenye asidi, na asidi ndiyo adui wa zinki inayolinda bati. Bati likigusa ardhi hapa kwetu, huanza kuliwa kutoka chini, taratibu, hadi liwe kama kitambaa kilichochanika. Liinue inchi tatu au nne. Ukiogopa vifaranga watapita, ziba pengo kwa mawe au ubao wa bei nafuu. Samadi nayo isirundikwe kamwe kwenye bati. Pengo hilo litakusaidia tena mvua kubwa ikinyesha, maana milima yetu hutelemsha maji kwa nguvu, na ua usio na njia ya maji huyageuza yaje jikoni.

Jambo la mwisho ni kingo. Bati lililokatwa hukata kama wembe, na mtoto anayekimbilia mpira hatazami. Mwambie fundi aelekeze upande uliokatwa chini, kisha apigilie ubao mwembamba juu, kona hadi kona. Akisema ubao huo ni wa nyumba za matajiri, usimlipe mpaka aupigilie.